Kazi Yangu Leo: Kungoja Gari Lizime

Saa 11 alfajiri nimeshatoka Mbagala. Foleni ya Mtoni kwa Aziz Ally mnaijua, sina la kuongeza. Saa 1 na nusu niko Gerezani, ovaroli mwilini, chai na chapati mbili za mama ntilie tumboni. Nimeunga waya za taa za bajaji moja, nimechaji betri ya Noah. Kazi za kuamshia macho hizo.

Saa 3 likaletwa Peugeot 404, linavutwa kwa kamba. Vijana hawalijui, lakini Bert Shankland, mkazi wa hapahapa Dar, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Mwenye gari ni kijana wa ofisini, kalirithi kwa baba yake na analifufua. Ugonjwa: linawaka vizuri, baada ya nusu saa linazima. Likipoa, linawaka tena. Wenzangu wawili wameshambadilishia pampu ya mafuta na kumsafishia kabureta. Hela imekwenda, ugonjwa umebaki.

"Shikamoo fundi," macho kwenye simu.

"Marahaba."

"Ni koili. Mpya hii hapa, funga nikimbie."

Koili ndiyo inayokuza umeme wa betri uwe cheche za plagi. Nikapima kwanza ile ya zamani. Vichwa viwili vidogo: ohm 3.1, yaani kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme. Kutoka kichwa kidogo hadi tundu la kati, pale unapochomekwa waya mnene: ohm elfu 8 na ushee. Nzima!

"Sasa?" akacheka.

"Nzima ikiwa baridi, bosi. Mgonjwa wa homa za jioni humpimi asubuhi."

Ile mpya yake ikasoma 1.5. Hiyo ni ya magari yenye rezista ya nje, kile kidude cha kupunguza umeme. Ukiifunga kavukavu kwenye volti 12, badala ya ampea 4 itavuta 8. Pointi, zile swichi ndogo zinazokata na kuunga umeme wa koili, zitaungua na koili itachemka. "Si zote zimeandikwa volti 12?" akaniuliza. Nikanyamaza.

Nikabadilisha kondensa, kile kikopo kidogo kinachokaa na pointi, maana nayo hudanganya hivyohivyo, nikawasha gari, nikavuta stuli. Saa 4 linanguruma. Saa 4 na dakika 20 linanguruma. Jamaa anazunguka, anatazama saa, anapiga miayo.

"Fundi, mbona umekaa tu?"

Nikamweleza: likizima nina dakika chache tu kabla halijapoa. Nikikuta moto, yaani cheche, upo, huenda petroli imechemka kwenye bomba. Nikikosa moto, nashika koili ikiwa bado mgonjwa. Akaenda kununua soda, akarudi na moja, akainywa mwenyewe. Mimi jua liko utosini. Nikageuka kidogo tu kumpa jirani spana namba 10, nikasikia kimya. Nikaruka na mita mkononi. Kumbe amezima mwenyewe.

"Petroli inaisha, fundi."

Sikumjibu, maana ningemjibu vibaya. Tukaanza upya.

Saa ngapi likakohoa sikuangalia, ila adhana ya adhuhuri ilishapita. Likazima lenyewe. Nikachomoa waya mnene wa koili kwenye distribyuta, kile kigawa moto cha plagi, nikaushika kwa koleo yenye mpira, ncha yake milimita 6 hivi kutoka kwenye bloku ya injini, dogo wangu akapiga stata. Hakuna cheche, hata ile nyekundu ya kuzugia. Nikashika koili, ikaniunguza kiganja. Vichwa vidogo vinasoma 3.8, shaba ikipata joto hupanda, hilo si kosa. Tundu la kati: elfu 9, ikarukaruka, kisha ikabaki "1" peke yake pembeni mwa kioo cha mita, yaani umeme haupiti. Waya wa ndani, mwembamba kama unywele, umekatika. Joto likiutanua unaachana, ukipoa unagusana.

"Ona," nikamwambia. Kwa mara ya kwanza simu ikaingia mfukoni.

Maduka matatu nimezunguka na mita yangu ndipo nikapata ya ohm 3. Ta! Moto wa bluu. Nikaliacha likinguruma saa nzima na ushee, yeye akibembeleza bei: "Lakini fundi, muda mwingi si ulikuwa umekaa?" Tukaishia katikati, nimechoka kubishana.

Kwenye daladala nimeshika bomba kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unawaka. Simu ikalia. Ujumbe: "Fundi, nimefika, halijazima. Ile koili niliyonunua mimi tulifungie gari la mjomba?"