Makopo matatu ya mchicha: wiki ya tano

Mchicha wa kopo lenye udongo wa mfinyanzi umekufa. Naandika hilo kwanza kwa sababu ndilo lililowauma watoto Jumamosi hii.

Kundi letu ni la watoto tisa wa mtaa wetu, hapa Bagamoyo, na darasa letu ni kivuli cha mwembe. Tunalinganisha aina tatu za udongo, kila moja kwenye kopo lake la mchicha. Udongo wa kichanga tulizoa hapa hapa uani. Mfinyanzi mweusi uliletwa kwa kiroba kutoka bonde la Ruvu, na udongo tifutifu tulichota kwenye migomba ya jirani.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya vidole tu. Unalowesha udongo, unafinyanga donge, unalisukuma kwa gumba litoke utepe. Kichanga kilikataa hata kuwa donge. Tifutifu ilitoa utepe usiofika sentimita 2, ukakatika. Wa mfinyanzi ulipita 5, na binti mmoja akaurefusha hadi ukaning'inia kwenye kiganja, akagoma kunawa mpaka mama yake auone.

Chupa ya maji tuliyotikisa na udongo ilinipa somo zuri kuliko nilivyotarajia. Mchanga ulituama kabla hatujamaliza kuhesabu hadi sitini. Kesho yake maji ya juu bado yalikuwa na ukungu wa mfinyanzi. Niliwaambia: chembe kubwa ya mchanga ingekuwa na upana wa mita moja, ya mfinyanzi isingezidi milimita moja. Walinyamaza kabisa.

Sasa makopo. Yote yametobolewa chini sawasawa, yote yanapata kikombe asubuhi na kikombe jioni. Kwenye kichanga maji hupita mara moja, yakiondoka na rutuba. Mchicha upo hai ila mfupi, majani yamepauka. Wa tifutifu umeshachumwa. Kwenye mfinyanzi maji yalisimama juu. Tuliung'oa ule uliokufa, tukakuta mizizi ya kahawia, laini, inanuka. Ilikosa hewa.

"Kwa hiyo huu ni udongo mbaya, Mwalimu?"

Kabla sijajibu, mwenzake akasema babu yake analima mpunga kwenye udongo huo huo. Ni kweli: mpunga una vijia vya hewa ndani yake, vinavyoishusha hadi mizizini hata shamba likijaa maji. Nimefurahi mno kwamba jibu lilitoka kwao.

Jumamosi ijayo kichanga kinachanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kopo la mfinyanzi tumeliacha na maji yake. Mjukuu ameahidi kuleta mbegu za babu.