Siku moja maishani mwangu: mkutubi wa Tanga

Saa moja na nusu asubuhi natoka Ngamiani kwa baiskeli. Nikifika, kabla ya lolote nafungua madirisha. Hewa ya bahari ikifungiwa ndani usiku kucha, vitabu huota ukungu, kwa hiyo naanza na kitambaa kikavu.

Saa mbili na nusu narudisha vitabu shelfuni. Tunafuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876: elimu yote mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Wageni huuliza kwa nini tusipange kwa alfabeti tu. Mtu wa Ngamiani haulizi, maana mitaa yetu nayo ni namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu.

Saa nne anaingia mzee wa fiqhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi dini yetu mbona mmeibana namna hii?"

Ana haki. Katika mpango huo Ukristo umetandazwa kuanzia 220 hadi 289, Uislamu wote umo ndani ya 297: tafsiri, hadithi, fiqhi, sira. Basi tarakimu baada ya nukta ya 297 zinarefuka hadi mgongo wa kitabu chembamba hautoshi lebo. Na hapa Tanga hiyo ndiyo shelfu inayochakaa upesi! Juu ya namba sina mamlaka, juu ya shelfu ninayo. Nimeisogeza karibu na mlango.

Saa saba swala, wali na samaki.

Saa nane wanafunzi wanamiminika. "Dada, Shaaban Robert yuko wapi?" Mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, lakini wanamtafuta kwenye S hawamwoni, kwa kuwa lebo zinasema ROB, herufi za mwanzo za Robert. Tena fasihi ya Kiswahili ni 896.392, huko mkiani mwa 800, Kiingereza kikiwa kimeshakaa 820. Kwenye S nimechomeka kadi: "Tazama ROB."

Saa kumi nasajili vitabu vya msaada. Vingi ni vya mitaala ya nchi za watu, navitenga. Chini ya boksi kuna kimoja cha mkonge. Kilimo chake ni 633.5, nyuzi na kamba ni 677, historia ya Tanzania 967.8. Napitia yaliyomo: karibu sura zote zinasimulia mashamba tangu mkonge ulipoletwa mwaka 1893. Naandika 967.8, kwa penseli, maana mwenzangu wa zamu ya kesho ni mtu wa 633 na lazima atabisha.