Nilivyoifundisha kwaya yetu Cecilia virgo kwa sauti nane

Somo wa kwaya ninayoifundisha ni Mtakatifu Sesilia, bikira na mfiadini wa Roma, ambaye kila tarehe 22 Novemba tulikuwa tukimwimbia nyimbo za sauti nne. Mwaka jana niliamua kufundisha Cecilia virgo, moteti, yaani wimbo mtakatifu wa Kilatini wa sauti nyingi, ya mtunzi Mwingereza Peter Philips iliyochapishwa Antwerp mwaka 1613, yenye sauti nane zilizogawanywa katika kwaya mbili za sauti nne nne zinazopokezana.

Noti niliziandika upya kwa solfa, na hilo halikunisumbua. Ugumu ulikuwa katika idadi, kwa kuwa sauti ya tatu ilikuwa na watu wanne tu, yaani wawili kila upande. Niliwatenganisha waliozoea kufuatana, ili kila upande upate angalau mtu mmoja wa kutegemewa katika kila sauti. Kwa wiki tatu upande mmoja ulipoimba, wa pili ulisikiliza bila karatasi huku ukihesabu mapigo, kwa sababu anayesubiri mwenzake anyamaze ndipo apokee huwa amekwisha kuchelewa. Kilatini hakikuwasumbua, maana irabu zake zinafanana na zetu. Kilichohitaji kurudiwa ni jina lenyewe, ambalo katika Kilatini cha Kanisa hutamkwa Chechilia.

Hata hivyo, niliwasikia wakiimba kwa usahihi bila kuomba. Jioni moja nilifunika kinanda, nikawasomea maana: umati wote wa wanamuziki unamsifu Sesilia, na kwa moyo mmoja unamsihi augeuze msiba wa dunia kuwa utukufu wa paradiso. Nikawaeleza kwamba Philips aliihama Uingereza mwaka 1582 kwa ajili ya imani yake ya Kikatoliki, akapokelewa Roma, na kwamba mwaka 1593 alikamatwa Uholanzi akituhumiwa kula njama ya kumwua Malkia Elizabeth, kabla ya kuachiwa na baadaye kuwa mpiga kinanda wa mtawala Albert huko Brussels. Naamini mtu aliyepita humo hakulitilia noti neno luctum, yaani msiba, kwa mazoea tu. Tuliporudia, sauti ya nne waliimba neno hilo taratibu kuliko nilivyowaelekeza, nami sikuwasahihisha.

Siku ya somo wetu Sesilia tulisimama pande mbili za altare. Tulipofika kwenye maneno ya litania, Sancta Cecilia, ora pro nobis, bibi mmoja wa benchi la mbele aliitikia "utuombee", waumini wakamfuata kwa sauti ya chini, nasi tukaendelea kuimba juu ya sala yao.