Kuchagua patasi sokoni Kadutu, na kuitunza kabla kutu haijaiwahi

Ukienda Kadutu, soko la Bukavu, kutafuta patasi, beba tupa ndogo mfukoni. Mng'aro haukwambii kitu; kuna vyuma vinavyometa kama sahani mpya lakini makali yake yanajikunja kwenye mkaratusi mkavu siku ya kwanza. Omba ruhusa, kisha kwangua kidogo ubavuni, karibu na makali. Usijaribu upande wa mpini, maana huko chuma huachwa laini makusudi. Tupa ikiteleza bila kushika, chuma kimekomazwa. Ikiuma na kutoa unga, rudisha mezani.

Halafu geuza mgongo, yaani upande bapa usio na mteremko, weka rula juu yake na utazame mwanga unapopenya. Kibonde kidogo katikati hakina shida. Mgongo wenye tumbo utakuchosha bure. Kutu ya juujuu nayo isikutishe, inatoka. Vishimo vya kutu mgongoni karibu na makali ndivyo vibaya, kwa sababu kila kishimo kitakuwa pengo kwenye makali. Kwa vigoda na visanduku vya nyumbani, patasi ya upana wa milimita 12 na ya milimita 25 zinatosha. Seti ya vipande sita ni ya kupamba ukuta.

Kunoa huanzia mgongoni. Bandika msasa wa maji juu ya kioo kinene, namba 220, kisha 400, kisha 1000, na usawazishe sentimita mbili au tatu za mwanzo tu. Mteremko wa makali uwe na nyuzi 25 hadi 30. Huna kipimo cha pembe? Pima unene wa chuma: urefu wa mteremko ukiwa mara mbili ya unene, hiyo ni 30, ukikaribia mara mbili na nusu, ni 25. Chuma cha milimita 4, basi, kikitaka 30, mteremko uwe milimita 8. Kwa mkaratusi chagua 30. Sugua mteremko kwenye msasa huo mpaka usikie kwa kidole ukingo mwembamba uliojikunja mgongoni, kutoka kona hadi kona. Usipoufikia kote, bado hujanoa. Uondoe kwa kulaza mgongo bapa kwenye 1000, mara mbili tatu.

Mashine ya kunolea inaharibu patasi nyingi kuliko misumari. Ncha ni nyembamba, inashika moto kwanza, na ikigeuka buluu ugumu wake umekwenda. Itabidi uisage sehemu hiyo yote mpaka iishe. Chovya majini mapema, kabla vidole havijaanza kuungua.

Bukavu mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, kwa hiyo futa jasho la mikono kila ukimaliza na upake mafuta ya cherehani, tone moja kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia hunata na kukusanya vumbi. Usifunge kwenye mfuko wa plastiki, unafungia unyevu ndani. Kutu ikishaingia, loweka chuma peke yake, bila mpini, kwenye siki usiku mmoja, sugua, suuza kwa maji yenye magadi, kausha, paka mafuta papo hapo.

Kiangazi kina lake: mpini wa nyundo unasinyaa na kichwa kinacheza. Wengi huitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mti unavimba, nyuzi zake zinabanwa na chuma hadi zinapondeka, na ukikauka unalegea zaidi ya mwanzo. Gonga kitako cha mpini, nyundo ikining'inia kichwa chini, ili kichwa kijipandishe chenyewe kwenye mpini, kisha pigilia kabari mpya ya mti mgumu uliokauka.