Protini mbili kutoka kipande kimoja cha DNA

Miongoni mwa jeni za mamalia, hakuna inayonistaajabisha kuliko CDKN2A, ambayo kwa binadamu imo katika kromosomu ya 9. Mwaka 1993 ilifahamika kwamba protini iitwayo p16 huzuia seli kugawanyika ovyo. Miaka miwili baadaye, watafiti wa hospitali ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, akiwemo Charles Sherr, walionyesha kwamba jeni ya protini hiyo huzaa pia protini nyingine kabisa, ARF.

Seli husoma herufi za jeni tatu tatu. Chukua GCATGGAC: ukianzia herufi ya kwanza utapata GCA na TGG, yaani amino asidi (matofali ya protini) alanini na triptofani, bali ukisogea herufi moja tu utapata CAT na GGA, yaani histidini na glisini. ARF ina mwanzo wake yenyewe, lakini ikifika kwenye eksoni (kipande cha jeni kinachobaki katika ujumbe wa kutengeneza protini) ya pili, ambayo p16 nayo huitumia, huisoma kwa mpangilio uliosogea, ndiyo maana protini hizo hazifanani.

Ajabu zaidi kwangu ni kwamba zote mbili hupambana na saratani: p16 huvizuia vimeng'enya CDK4 na CDK6, vinavyoisukuma seli igawanyike, ilhali ARF huidhibiti protini MDM2, ambayo vinginevyo ingesababisha p53, protini inayokinga dhidi ya saratani, ivunjwe. Kipande hicho kikifutika, kama inavyotokea katika saratani nyingi, seli hupoteza breki mbili kwa mpigo.

Wala si jeni hii pekee iliyotushangaza: mwaka 2011, mbinu ya kusoma vipande vya RNA (nakala ya ujumbe wa jeni) vilivyofunikwa na ribosomu, mashine za seli zinazotengeneza protini, ilipotumika kwenye seli za panya, ilifichua sehemu nyingi zinazosomwa ambazo orodha za jeni hazikuwa nazo.