Gitaa la mtumba Malindi: anza na daraja

Chumvi ya bahari hula nyuzi, lakini hilo lisikutishe. Nyuzi 6 mpya zinafungwa kwa muda mfupi tu. Kinachoua gitaa la mbao hapa pwani ni joto na unyevu, vinavyolegeza gundi. Chukua karatasi nyembamba, jaribu kuipenyeza chini ya daraja (kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye mwili wa gitaa, kinachoshika nyuzi), upande wa nyuma. Ikiingia, daraja limeanza kung'oka. Achana na gitaa hilo, hata likiwa bei ya kutupa.

Pima pia uzi mnene uko juu kiasi gani kwenye freti ya 12 (kipande cha 12 cha chuma kilicholala shingoni, ukihesabu kutoka kichwani): milimita 2.5 ni raha, 4 vidole vitauma. Ubonyeze hapohapo, uupige. Usipotoa sauti ileile ya uzi usiobonyezwa, ila oktava moja juu (noti ileile, nyembamba zaidi), gitaa halitakaa sawa. Ukilinunua, tafadhali usiliache ndani ya tuktuk juani.