Mwani wa Kaledupa

Kutoka mji wa Makassar hadi kisiwa cha Kaledupa, huko Indonesia, tulilala njiani mara mbili. Kwanza meli kubwa ya Pelni, shirika la meli la serikali, mpaka Bau-Bau, halafu chombo cha mbao cha usiku mpaka Wangi-Wangi, abiria tumepangwa bega kwa bega kama dagaa uanikani, halafu boti nyingine ya kama saa mbili. Ilikuwa Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani, na Indonesia nzima ilikuwa njiani. Safari hiyo ya kurudi kwa wazazi kabla ya Idi wana jina lake, mudik. Mimi kwetu Paje, Zanzibar, nisingeweza kufika, basi mwenzangu wa chumba akanichukua kwao.

Mwaka ule nilikuwa nasoma lugha yao kwa ufadhili wa serikali yao unaoitwa Darmasiswa. Lakini moyoni nilikuwa na jambo langu. Mama yangu amelima mwani tangu kabla sijazaliwa. Alikuwamo katika wale wa mwanzo kabisa, 1989, mbegu zilizotoka Ufilipino zilipoanza kupandwa Paje na Jambiani kwa biashara. Tangu utoto wangu kila aliyekuja kutufundisha juu ya mwani alitutajia Indonesia. Indonesia wanalima zaidi. Indonesia wanajua. Mama akirudi pwani mgongo umekufa ganzi, miguu imevimba kwa maji ya chumvi, mimi nikijiuliza wenzake wa huko wanaishije. Nilidhani wamejenga maghorofa.

Nilichokiona gatini ni nyumba za mbao juu ya nguzo, paa za bati, na kila uwanja umejaa chupa tupu za maji ya kunywa zilizofungwa kwenye kamba. Nikadhani ni takataka. Mwenzangu akacheka. Zile ndizo boya. Mashamba yao hayako kwenye maji ya magoti kama yetu, kamba zinaelea juu ya maji ya kina, na chupa ndizo zinazozishikilia. Kwenda shamba ni kwa mtumbwi, na kwa hiyo wanaume wamo. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kwetu mwani ni kazi ya wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea, hivyo hata waambiwe mara mia kwamba maji ya kina ndiyo yenye baridi na ndiyo yanayofaa, watabaki pale pale yanapowafika kiunoni.

Katika visiwa vile jina la mwanamume hutanguliwa na La, la mwanamke na Wa. Siku ya kwanza tu majirani wakanipa langu, wakaniita Wa Zanzibar. Nilicheka peke yangu, na sikuweza kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Mama yake mwenzangu nilimwita Ibu, kama wanavyoitana. Alikuwa na mikono ya mama yangu, sina namna nyingine ya kusema. Vidole vimepasuka, kucha zimekatika, na kile kidole gumba kinachokwenda chenyewe bila kuangaliwa. Aliketi uvunguni mwa nyumba, kwenye kivuli, na wanawake watano sita, kila mmoja na rundo la mbegu mbichi mbele yake, wanafunga vishada kwenye kamba. Wengine walikuwa wanafunga kwa ujira, wakilipwa kwa kila kamba. Nikaketi, nikachukua kamba, nikafunga kishada changu cha kwanza. Pale uvunguni wakanyamaza. Halafu Ibu akakivuta, akakipima, akakikuta hakichomoki, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa mama. Kuanzia hapo sikuwa mgeni tena, nilikuwa mfanyakazi.

Na mbegu yenyewe ilikuwa kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri! Kwetu kotonii ilianza kuoza na kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yalipozidi joto, na Paje tukabaki na spinosamu, aina nyingine, ambayo bei yake ni ya kutia huruma. Niliishika mkononi, nene, inateleza, imenyooka kama vidole vya mtoto, nikaona kama nimekutana na ndugu niliyeambiwa alikufa.

Mazungumzo ya uvunguni yalikuwa ya watoto. Wa huyu yuko Sabah, Malaysia. Wa yule anauza mitumba Maluku. Watu wa visiwa vile ni mabaharia na wachuuzi tangu zamani, kuondoka kwao si habari. Habari mpya ni nikeli. Vijana wanakwenda Morowali, kwenye viwanda vya kuyeyusha nikeli, na wanaobaki wanawahesabia siku. Mdogo wake mwenzangu, msichana wa kidato cha mwisho, alinikalia karibu jioni moja akaniuliza kwa kunong'ona kama Makassar chumba ni ghali. Hakutaka dada yake asikie. Baba yao, ambaye ujana wake wote aliumalizia baharini, alikuwa anataka jambo moja tu, mtoto mmoja awe mtumishi wa serikali, avae sare, apate pensheni. Kuhusu mwani alisema unasomesha. Hakuna aliyesema anataka mtoto wake aje kuulima.

Kisha ikaja mvua. Ilikuwa Alhamisi, alasiri, swaumu imetuchosha. Mwani wa wiki nzima ulikuwa umeanikwa kwenye vichanja vya miti kando ya maji, umeanza kusinyaa na kushika rangi ya zambarau, umebakisha jua la siku moja. Ibu alikuwa ameshauhesabu. Kilo kadhaa za sukari na nguo za Idi, na sehemu kubwa ni nauli na ada ya mwenzangu ya kurudi chuoni. Wingu likatokea upande wa kisiwa cha Hoga. Nililiona mimi kwanza, kwa sababu nimelelewa kuliangalia wingu hilo, nikasimama kabla sijajua nasimama kwa nini. Kabla sijafungua mdomo nyumba ya tatu wakapiga kelele, Hujan! Hujan! na kijiji kizima kikatoka mbio.

Nani wa nani hapakuwa. Vijana waliokuwa wamelala gatini na simu zao, mzee aliyekuwa anaungojea magharibi msikitini, watoto, wote wanavuta maturubai juu ya vichanja. Mimi na Ibu tulishika pembe mbili za moja, upepo ukaingia chini yake ukatunyanyua kama tanga. Tukalilalia. Mvua ikatupiga mgongoni, tumelala kifudifudi juu ya mwani, ana kwa ana, akawa anacheka au analia, kwa maji yale huwezi kujua. Kichanja cha pili hatukukiwahi.

Mwani ukishanyeshewa ukiwa karibu kukauka, chumvi hutoka, hupauka, uzito hupungua. Mnunuzi alikuja kesho yake, Ijumaa. Siku hiyo nusu ya kijiji walikuwa washasali Idi kwa hesabu ya Muhammadiyah, jumuiya yao ya Kiislamu, na nusu wakingojea Jumamosi ya serikali (nikasema, alhamdulillah, kumbe hata huku). Alichukua tawi, akalikunja, akalinusa, akakung'uta gunia kuona kama lina mchanga, akatoa mzani. Ule uliopauka akautenga. Kisha akataja bei, Ibu akaitikia kwa kichwa bila neno, kama mama anavyoitikia. Mnunuzi alipoondoka Ibu alisema, rezeki. Neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Jioni ile tukafuturu kwa kasuami, muhogo uliokunwa, ukakamuliwa, ukapikwa kwa mvuke katika umbo la pia, na mchuzi mkali wa samaki. Mwenzangu hakula sana. Alisema atatafuta kazi ya mkahawa Makassar, ya usiku. Mama yake akamwambia anyamaze, ale.

Siku ya pili ya Idi nilimpigia mama. Mtandao ulishika vizuri mwisho wa gati tu, basi Ibu akanifuata huko, kajifunga shela jipya. Ilikuwa saa kumi na moja jioni pale Kaledupa, Paje saa sita mchana. Idi ya kufungua Ramadhani siku zote huangukia bamvua, na bamvua haimngoji mtu amalize kusherehekea, kwa hiyo niliyemwona kwenye simu ni mama yangu amesimama ufukweni, kanga imelowa mpaka mapajani, mdogo wangu anamshikia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Nani huyo?"

Nikamwelekezea simu Ibu. Wakatazamana, wanawake wawili wasio na lugha moja. Ibu akainama, akachomoa kishada kutoka kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya gati, akakiinua mbele ya simu.

"Kotonii hiyo!" mama akapiga ukelele. "Mwambie aisogeze. Isogeze. Mbona imenona hivyo!" Naye akainua yake, spinosamu nyembamba, yenye mchanga. Ibu akaiangalia kwa adabu.

"Kilo wanauza ngapi?" mama akauliza.

Nikamtafsiria Ibu, naye akafunguka, mkono kifuani. Bei imeanguka vibaya, mwaka jana ilikuwa juu mno, kila mtu akalima, sasa hata mafuta ya boti hairudishi, na ile mvua. Nikageuza rupia kuwa shilingi kichwani, nikamtajia mama. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya anayolipwa yeye.

Kwenye simu ukasikika upepo tu wa Paje.

"Hiyo ndiyo iliyoanguka?" mama akasema.

Ibu akanivuta mkono wa baibui. Amesema nini?

Nikamwambia, anakupa mkono wa Idi.